Macho ya paka na mbwa: maswali mnayoniuliza kuhusu tiba za nyumbani

Simu yangu ikilia baada ya saa nne usiku, mara nyingi ni picha ya jicho. Jicho la paka limefumba nusu, usaha umeganda pembeni, na chini yake maneno machache: "Dada, nimtie nini?" Mimi si daktari wa mifugo. Nilimshikia wanyama bwana mifugo wa mtaa wetu hapa Tanga kwa miaka kadhaa, na ukimshika mnyama huna budi kuyajua macho yake na kucha zake. Nyumbani nina paka sita na mbwa mmoja wa ulinzi. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wiki, nami nimeyajibu kama ninavyoyajibu barazani.

Tiba ya asili ya jicho ni ipi hasa?

Maji na chumvi. Najua wengi mnangoja nitaje jani fulani la porini, lakini katika vyote nilivyoona vikitiwa machoni, maji ya chumvi ndiyo peke yake ambayo sijawahi kuyajutia.

Chemsha lita moja ya maji, yaache yatokote dakika tano. Tia chumvi ya kawaida ya jikoni kijiko cha chai kimoja na nusu, kijiko cha kusawazisha kwa kisu, si cha kulundika. Hiyo ni kama gramu 9 kwa lita, sawa na machozi yenyewe. Funika, yaache yapoe mpaka ukiyadondosha ndani ya kiwiko husikii joto wala baridi. Yatumie siku hiyo hiyo, yanayobaki mwaga. Ukiona kazi, nenda duka la dawa ununue chupa ya dripu ya maji ya chumvi, ile iliyoandikwa 0.9%. Angalia isiwe ya glukosi, maana chupa zinafanana.

Maji matupu yakiwa safi hayadhuru kwa dharura, ila yanawasha. Ukitaka kujua yanavyowasha, fumbua macho yako ndani ya ndoo. Kinachonikera ni wale wanaompeleka mbwa Raskazone wakamwosha macho kwa maji ya bahari eti yana chumvi. Bahari ina chumvi karibu mara nne ya machozi, na juu yake mchanga.

Nitamwoshaje paka asinichane?

Mfunge kanga. Tandika kanga mezani, mweke paka katikati huku mgongo wake ukikuelekea wewe, funika upande mmoja, kisha mwingine, ubaki na kichwa tu. Miguu ya mbele iwe ndani kabisa. Mkono wa kushoto umshike chini ya kidevu, kichwa kiinuke kidogo. Usimkabili uso kwa uso: paka anayeona kitu kinamjia machoni atapigana. Njoo kwa nyuma, juu ya kichwa.

Tongotongo lililokauka lisikwanguliwe kwa ukucha. Lowesha pamba kwa yale maji vuguvugu, ikamue kidogo, iweke juu ya jicho lililofumba uhesabu mpaka mia. Utahisi ganda linalainika chini ya kidole. Ndipo ufute, kutoka pembe ya puani kwenda nje, mara moja, na pamba hiyo utupe. Jicho la pili, pamba nyingine. Nyuzi za pamba zikikuudhi, tumia gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, au kipande cha kanga kuukuu kilichochemshwa. Kama kuna mchanga au unga ndani, vuta maji kwenye bomba la sindano, toa sindano yenyewe, umiminie taratibu kutoka pembeni. Usielekeze maji katikati ya mboni.

Mara tatu au nne kwa siku inatosha. Siku ya kwanza mtagombana, siku ya tatu paka atakuwa ameshazoea.

Kwa mbwa ni rahisi zaidi, msaidizi amshike tu kifua. Na nyie mnaofuga mbwa wa ulinzi lakini hampendi kuguswa na mate yake, glavu za duka la dawa hazina gharama kubwa. Mbwa asiachwe na macho mabovu kwa sababu hiyo.

Tongotongo lipi ni la kawaida na lipi ni ugonjwa?

La asubuhi, dogo, la kahawia, limekauka kwenye pembe, jicho lenyewe liko wazi na linang'aa: hilo ni usingizi tu. Likiwa njano au kijani, zito, linarudi saa mbili baada ya kufutwa, kuna vijidudu vya ugonjwa. Machozi ya maji maji yanayotiririka upande mmoja tu, angalia kama kuna kitu kimeingia, au ukope umejikunja kwa ndani unasugua jicho. Kwa mbwa, ute mzito unaonata kama gundi na jicho lisilo na mng'ao ni dalili kwamba machozi yamekauka. Daktari hulipima hilo kwa kipande cha karatasi kinachowekwa chini ya kope kwa dakika moja: mbwa mzima hulowesha milimita 15 au zaidi. Mbwa wa namna hii ukimwosha kila siku bila dawa ya kurudisha machozi, unafuta tu.

Lakini zaidi ya rangi ya uchafu, mimi naangalia kufumba. Mnyama akifumba jicho, akakwepa mwanga, akajisugua kwenye zulia, anaumia. Maumivu ya jicho si ya kungojea mpaka wiki ijayo.

Paka wangu anapona, kisha macho yanarudi yale yale. Nimekosea nini?

Pengine hujakosea kitu. Macho yanayorudi hivyo mara nyingi ni mafua ya paka, na mafua hayo mara nyingi huletwa na kirusi cha herpes cha paka, ambacho hakimpati binadamu. Paka wengi hukipata wakiwa wadogo, na wakishapona dalili, kirusi hubaki kimejificha ndani ya mishipa ya fahamu ya uso maisha yao yote. Siku paka akipata mfadhaiko, kinatoka. Nimeona kikitoka baada ya kuhama nyumba, baada ya kuletwa paka mgeni, baada ya harusi ya siku tatu yenye muziki chini ya dirisha. Paka anayenyonyesha naye hukitoa, ndiyo maana vitoto vinaumwa macho vikiwa na wiki chache tu. Hesabu nyuma kama wiki moja kabla ya macho kuharibika, mara nyingi utakumbuka kilichomvuruga.

Hapo ndipo huduma ya nyumbani ina kazi kweli. Mtafutie mahali pake pa juu, pakavu, pasipo mbwa wala watoto. Mwoshe macho kwa maji ya chumvi. Paka mwenye mafua hasikii harufu, na asiposikia harufu hali, kwa hiyo pasha moto supu ya dagaa isiyo na chumvi wala kitunguu, umsogezee puani. Paka akikaa siku tatu bila kula, ini lake linaweza kujaa mafuta, na hilo litamuua kabla ya mafua. Vyombo vyake vioshwe kwa sabuni, mbali na vya wengine. Kirusi hiki nje ya mwili hakimalizi hata siku mbili.

Wengi mnaniuliza unga wa laisini, ule unaouzwa kama kirutubisho. Zamani hata madaktari waliuandika. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya tafiti zilizokuwepo, na hayakukuta ushahidi kwamba unazuia au kutibu. Hela hiyo nunulia samaki.

Kama macho yamevimba kabisa, kope za ndani nyekundu kama nyama, huenda ni klamidia, ugonjwa wa bakteria, na hiyo inahitaji antibiotiki ya kumeza ya wiki nne. Ukiandikiwa doksisaiklini, kila kidonge kifuatishwe na maji ya bomba la sindano au kijiko cha supu. Kikikwama kooni kinaunguza.

Asali ya nyuki wadogo je? Bibi alikuwa akitutia sisi.

Hata mimi nilitiwa. Ilichoma, nikalia, uchafu ukatoka na machozi, na mama akasema imefanya kazi. Nafikiri sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na machozi.

Asali inaua bakteria, hilo halina ubishi, na ipo asali iliyosafishwa kwa mionzi inayotumiwa na madaktari kwa vidonda na hata kwa macho. Ile ya kwenye chupa ya maji iliyouzwa kando ya barabara ni kitu kingine. Haijasafishwa, ina vipande vya nta na miguu ya nyuki, na mara nyingi imeongezwa sukari guru. Mtu mzima akichomwa anasubiri ipite, lakini paka atajikuna kwa kucha, na jicho lililokuwa jekundu sasa lina kidonda. Asali ya nyuki wadogo niwekee kwenye chai.

Na maziwa ya mama, marashi, majani ya chai, mate, mwarobaini?

Haya niyapitie haraka. Maziwa ya mama ni masafi kwa mtoto anayenyonya, yakishakamuliwa kwenye kikombe ni chakula cha bakteria. Maji ya dafu yana sukari. Mwarobaini unawasha; kwa viroboto sawa, kwa jicho hapana. Mshubiri vivyo hivyo, ule utomvu wake wa njano ni mkali. Limau na kitunguu sijui nani aliyeanzisha. Marashi ya mawaridi yana manukato, hata chupa iandikwe "asilia". Wanja nao, mbali na kwamba baadhi una madini ya risasi, umetengenezwa kwa unga, na unga ndani ya jicho ni mchanga tu wenye rangi. Majani ya chai yaliyopoa yakabaki vuguvugu, juu ya jicho lililofumba hayana neno, ila kinachosaidia pale ni uvuguvugu, na uvuguvugu unaupata kwenye maji ya chumvi bila kumpaka paka rangi ya chai.

Mate sijibu.

Nina tyubu ya dawa ya macho niliyobakiza mwenyewe. Nimpake?

Soma kwanza jina la dawa, si jina la biashara. Mafuta ya tetrasaiklini ya macho ya 1%, yale wanayopakwa watoto wachanga, madaktari wa mifugo nao huyatumia kwa mbwa na paka. Mpigie daktari umsomee kilichoandikwa, akikubali, weka mstari wa nusu sentimita ndani ya kope la chini. Tyubu iliyofunguliwa zaidi ya mwezi itupe.

Ukiona deksamethasoni, prednisoloni, haidrokotisoni au betamethasoni, irudishe kabatini. Hizo ni steroidi. Najua kwa sababu ya Chausiku, paka wangu wa rangi tatu. Alipigana, akarudi na jicho moja jekundu. Nilikwenda duka la dawa, nikaeleza, nikapewa matone. Sikusoma. Siku ya pili wekundu ulipungua nikafurahi sana, nikampigia dada yangu kumsifia muuzaji. Siku ya nne niliona katikati ya jicho kitone cha kijivu kama kichwa cha pini, na siku ya tano kitone kilikuwa shimo. Kumbe ukucha wa paka mwenzake ulikuwa umechana konea, kile kioo cha mbele. Kioo hicho unene wake ni kama nusu milimita tu. Steroidi inatuliza wekundu huku ikizuia kidonda kufunga na kuwaachia bakteria mlango. Jicho lilitolewa. Chausiku aliishi na chongo miaka tisa, akikamata panya kama kawaida, lakini yale matone bado nayakumbuka.

Kabla ya kuandika steroidi, daktari anatakiwa kugusisha jicho kwa kikaratasi chenye rangi ya chungwa, kisha alimulike kwa taa ya bluu. Palipochanika hung'aa kijani. Ni kipimo cha dakika mbili, na una haki ya kukiomba. Mchubuko mdogo ukilindwa na antibiotiki hufunga ndani ya wiki. Usipofunga, rudi.

Mbwa ametemewa na swila. Haraka!

Maji, sasa hivi, mengi. Usimalize kusoma.

Ukishaanza kumwosha ndipo mwenzako akusomee. Sumu ya swila ikiingia machoni inaunguza papo hapo, na mbwa atajisugua kwa makucha mpaka ajiumize zaidi, kwa hiyo mmoja amshike miguu ya mbele. Mimina maji safi mfululizo dakika 15 hadi 20, ukifungua kope kwa vidole. Mpira wa bustani unafaa ukifunguliwa kidogo tu. Porini pasipo bomba, maji ya kunywa ya chupa yanafaa, hata maziwa. Usisugue. Usipake nyanya wala limau, na jiwe la nyoka liache mfukoni. Dawa ya kuchoma sindano dhidi ya sumu haitiwi jichoni.

Kisha mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo apimwe kidonda kwa ile rangi ya kijani, apewe antibiotiki na dawa ya maumivu. Aliyeoshwa mapema kwa kawaida macho yake hupona. Niliowaona wakipofuka ni wale waliooshwa kesho yake. Mpekue pia mwili mzima: aliyetemewa tu hafi kwa sumu hiyo, aliyeumwa ni habari nyingine na hana muda.

Na wewe jiangalie, nyoka pengine yuko pale pale chini ya mbao. Swila hutema mita mbili na zaidi. Pwani ya Kenya kuna swila mkubwa wa kahawia ambaye wataalamu walimtambua kuwa aina ya peke yake mwaka 2007 tu; kielelezo chake kilitoka Watamu, na jina lake la kisayansi, Naja ashei, linamuenzi James Ashe aliyeanzisha shamba la nyoka pale. Mbwa wa Watamu walimjua kabla ya wataalamu.

Utomvu wa mnyaa umemrukia mbuzi, na mbwa pia.

Ndiyo, hii hutokea sana mtu akifyeka ua wa minyaa. Yale maziwa meupe huunguza jicho vibaya, na uchungu huongezeka baada ya saa kadhaa, hivyo usidanganyike akionekana mzima. Osha kama nilivyoeleza kwa swila, dakika zile zile, kisha daktari. Nawe osha mikono kabla ya kujigusa uso.

Jicho limekuwa la bluu au lina ukungu. Ni mtoto wa jicho?

Huenda si hivyo. Mbwa akifika miaka saba, minane, kiini cha lenzi hukakamaa na macho yote mawili hupata wingu la bluu-kijivu. Anaona bado, labda anajikwaa wakati wa magharibi. Huo ni uzee, hauna dawa wala hauhitaji. Mtoto wa jicho ni mweupe kama ganda la yai ndani ya mboni, na mnyama anagonga viti. Mbwa akipata hivyo ghafla, huku anakunywa maji sana na kukojoa sana, apimwe kisukari. Hakuna matone ya mitishamba yanayoyeyusha mtoto wa jicho. Mkiyaona yanauzwa mtandaoni, pita.

Wingu likiwa juu ya kioo cha mbele, si ndani, kuna mambo mawili ambayo hapa kwetu husahaulika. La kwanza ni ndorobo, ugonjwa wa damu unaoenezwa na mbung'o. Mbwa anayefuata ng'ombe au kuingia vichakani maeneo yenye mbung'o, tuseme pande za Saadani au Shimba Hills, akirudi na homa, tezi zimevimba, uso umevimba na macho yote mawili yamekuwa meupe kama maziwa, apimwe damu. Wenye mbwa wakishaona macho wanakimbilia dawa za macho, na mbwa anakufa kwa ugonjwa wa damu. Unguja hili mmeokoka: mbung'o walimalizwa kisiwani na kutangazwa kwisha mwaka 1997, kwa kuachia madume yaliyohasiwa kwa mionzi. Ila mbwa aliyetoka bara anaweza kuja nalo.

La pili ni kupe. Homa inayoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa huingia hadi machoni, jicho likawa jekundu kwa ndani au damu ikaonekana nyuma ya kioo. Tafuta vitone vyekundu kwenye ufizi na tumboni. Dawa yake ni ya kumeza kwa wiki nne, na tiba halisi ya asili ni kumtoa kupe kila jioni kwa kibanio, ukimkamata karibu kabisa na ngozi.

Na kama jicho moja limevimba, limekuwa jekundu, mboni imepanuka haisinyai hata ukimulika tochi, hiyo ni presha ya jicho. Uoni unaweza kupotea ndani ya siku moja. Hapo ni usiku huo huo.

Kuna kinyama chekundu kimetokeza pembeni mwa jicho la mbwa. Nikikate?

Usikikate, wala asikikate fundi yeyote. Hicho ni tezi ya kope la tatu iliyochomoka, na inatengeneza sehemu kubwa ya machozi ya jicho hilo, pengine theluthi au zaidi. Ikikatwa, jicho hukauka miaka inayofuata. Upasuaji sahihi ni kuirudisha ndani na kuishona. Wakati unasubiri, maji ya chumvi na kuzuia asijisugue. Wengine huirudisha kwa kuikandamiza taratibu juu ya kope lililofumba kwa kitambaa cha uvuguvugu, na kwa mbwa mdogo siku ya kwanza inawezekana ikarudi, lakini mara nyingi hutoka tena.

Chakula gani kinasaidia macho? Nimpe karoti?

Mbwa mpe, ataifaidi. Paka mwili wake hauwezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A, lazima aipate tayari kwenye nyama, maini au samaki. Ila na maini yasizidi: paka aliyelishwa maini kila siku kwa miezi hukakamaa shingo kwa sababu vitamini A imezidi na mifupa imeota pingili. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara moja kwa wiki kinamtosha.

Kirutubisho kikubwa kwa paka ni taurini. Tangu mwaka 1975 inajulikana kwamba paka akiikosa, pazia la nyuma ya jicho huharibika na hapati tena uoni uliopotea. Moyo nao hulegea. Taurini iko kwenye nyama na samaki, haiko kwenye ugali wala wali. Paka wa kwetu anayelishwa ugali uliochanganywa na mchuzi ana bahati kama anakamata panya nje. Yule aliyefungiwa ghorofani asiye na panya ndiye wa kumhurumia. Dagaa wachache waliochemshwa kila siku, bila chumvi, na usimwage maji yake, maana taurini hutoka na maji. Wale wakavu wa sokoni waroweke kwanza usiku kucha ili chumvi itoke, umwage maji hayo. Nakubali kidogo inapotea hapo, lakini figo za paka mzee hazitaki chumvi. Na paka mzee akipofuka ghafla, mboni zote mbili zimetanuka, fikiria shinikizo la damu, akapimwe upesi. Wengine wakipata dawa siku za mwanzo huona tena kiasi.

Vitoto vya paka havijafungua macho na kope zimevimba.

Vitoto hufungua macho kati ya siku ya 7 na ya 14. Kope zikivimba kama njegere kabla ya hapo, kuna usaha umefungiwa ndani, na usaha hula jicho. Weka pamba ya uvuguvugu dakika tano, kisha futa kutoka pembe ya puani kwenda nje kwa shinikizo dogo sana. Mara nyingi mstari hufunguka wenyewe na usaha huchuruzika. Usichane kwa nguvu wala kwa kitu chenye ncha. Mwoshe, mpeleke apate mafuta ya antibiotiki, na angalia vitoto vyote, si kile kimoja. Niliwahi kuletewa sanduku la viatu lenye vitoto vitano, mwenye navyo akidhani vimezaliwa vipofu. Vinne viliona.

Mbwa mdogo mwenye macho ya usaha, pua ya usaha, anakohoa na misuli inarukaruka, hana ugonjwa wa macho. Ni distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Chanjo yake huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16, na ni rahisi kuliko chochote nilichoandika hapa.

Sisi nyumbani tutaambukizwa?

Kirusi cha mafua ya paka hapana. Klamidia ya paka mara chache humpata mtu, hivyo nawa mikono kwa sabuni, na mtoto asilale na paka mwenye usaha. Mnyama usiyemjua, anayechuruzika mate na macho, anayetembea kama mlevi au anayeng'ata bila sababu, usimguse kumwosha chochote: fikiria kichaa cha mbwa. Ukishang'atwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, nenda hospitali ukapate chanjo siku hiyo.

Huku kwetu daktari wa mifugo yuko mbali. Nifanye nini mpaka nifike?

Kwanza zuia kujikuna. Chukua ndoo ndogo ya plastiki, toboa kitakoni tundu kubwa kiasi cha kichwa kupita, funika kingo kwa kitambaa, ifunge kwenye mkanda wa shingo kwa kamba. Kwa paka, kipande cha kadibodi kilichokunjwa koni kinatosha kwa siku mbili. Atatembea akigonga milango na kukuchukia, achukie.

Osha kwa maji ya chumvi. Mweke kivulini, mbali na moshi wa jiko. Dawa za watu za maumivu usimpe. Panadol hata robo inaua paka, na diklofenaki inachoma tumbo la mbwa. Jicho likitoka nje ya tundu lake, kama inavyowapata mbwa wenye pua fupi wakipigana, usilisukume: lifunike kwa gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi, iloweshwe tena kila inapokauka, na uondoke saa hiyo hiyo.

Njiani piga picha mbili, moja kwa mwanga wa dirisha na nyingine ya uso mzima ili yaonekane macho yote mawili pamoja. Bila fleshi. Umtumie daktari kabla hujafika, na umwandikie saa lilipoanza na ulichokwisha kumtia, hata kama ni asali.